Kasula ya Mheshimiwa

14 Januari

Mwanangu,

Hujambo huko juu? Sisi huku chini tunajikongoja. Mkanda wa cherehani yangu umekatika tena, magoti yananiuma nikipanda ngazi za sakristia kupeleka mavazi ya padre, na binamu yako muuguzi amefeli mtihani wa udereva mara nyingine. Safari hii amegonga pikipiki ya mtahini mwenyewe, iliyokuwa imeegeshwa na haina ugomvi na mtu. Amerudi nyumbani amenuna kana kwamba pikipiki ndiyo iliyomfuata. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, akilia mtaa mzima unaamka. Wote wanakusalimu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na msichana mwenye sauti ya sukari, ananiambia Mheshimiwa yuko kwenye kikao, niache ujumbe. Mimi niliyekulea, niliyekufuta kamasi kwa pindo la gauni langu, niache ujumbe! Haya, ujumbe ndio huu.

Juzi nilikuwa napiga pasi vitambaa vya altare, redio iko wazi pembeni. Nikasikia sauti ninayoijua. Unawatangazia watu kwamba utapeleka muswada bungeni wa kurudisha kitanzi. Kwamba waliohukumiwa kifo wanakula bure jasho la wananchi, kwamba marais wote waliopita walikuwa waoga wa kutia saini, na kwamba sheria yako itawanyonga bila kungoja saini ya mtu. Makofi yakapigwa. Mtangazaji akakuuliza, Mheshimiwa, wewe si Mkatoliki, na maaskofu si wametoa waraka wa kupinga jambo hili? Ukacheka. Ukasema, "Mimi ni Mkatoliki nyumbani kwangu. Bungeni ni mwakilishi wa wananchi."

Pasi ikaunguza kitambaa, nimekitupa.

Hebu nieleze, huo Ukatoliki ukitoka nyumbani unautundika wapi, nyuma ya mlango pamoja na mwavuli? Maana Jumapili nakuona kwenye televisheni umepiga magoti benchi la mbele, macho umeyafumba kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Ulipotaka kura za akina mama wa parokia ulisimama kwenye mimbari hii hii ukatuhubiria uhai tangu tumboni hadi kaburini, nusura Baba Paroko akupishe kiti. Kumbe kaburi lenyewe ulitaka lichimbwe na serikali. Na uliposhinda uchaguzi ukaomba Misa ya shukrani, katekista akasoma vyeo vyako kabla ya kuanza mpaka kwaya ikachoka kusimama, ikakaa.

Tulikuita Kengele ulipokuwa mtumikiaji wa altareni, kwa kuwa ukishaishika kengele wakati wa mageuzo, mkate ukiinuliwa, huiachi hadi padre akukate jicho. Ulipenda kusikika. Nikadhani ni utoto, utakwisha.

Na usijitie hamnazo. Unajua nani yuko katika gereza la hapa kwetu. Kinanda, mpiga kinanda wetu wa kanisani, uliyelala naye kitanda kimoja nyumbani kwangu mama yake alipokuwa zamu za usiku hospitalini. Aliua, sisemi hakuua. Alimkuta shemeji yake anamburuta dada yake kwa nywele, akashika nyundo, na yule mtu hakuamka tena. Rufaa zote zimekwisha. Muswada wako ukipita, yeye yuko mbele kabisa kwenye foleni.

Nijibu, tena kwa mkono wako.

Shangazi yako

* * *

9 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia kwamba nyote mnaendelea vizuri. Mpe dada hongera zangu. Binamu mwambie apunguze hasira akishika usukani. Mke wangu na watoto hawajambo, wanakusalimu sana. Nisamehe kwa kukuandikia kwa mashine, huku kazi zimenizidi.

Kuhusu yale uliyoyasikia redioni, nakuomba uyatazame kwa upana wake. Sikuchaguliwa na wananchi kwenda kuwasomea katekisimu. Watu wamechoka, Shangazi. Kuna mama anakuja ofisini kwangu kila Jumatatu. Ana picha ya bintiye aliyeuawa. Anaiweka mezani pangu, anakaa, hasemi neno. Wewe ungemwambia nini? Waraka wa maaskofu nimeusoma kwa heshima zote, lakini maaskofu hawapigiwi kura. Imani ni jambo la moyoni, na moyo wangu Mungu anaujua.

Sasa kuna jambo la furaha. Baba Askofu mpya atakuja kuadhimisha sikukuu ya somo wa parokia yetu mwezi wa nne. Nataka nimkabidhi kasula siku hiyo, lile vazi la juu la kusomea Misa, na sitaki ishonwe na mtu mwingine yeyote isipokuwa wewe. Iwe nyeupe, kitambaa kizuri, msalaba mkubwa wa nyuzi za dhahabu. Msalaba uwe mbele, siyo mgongoni kama zile za zamani, ili uonekane vizuri. Televisheni watakuwepo. Kitambaa na nyuzi nitavituma wiki hii.

Nakutakia kila la heri na afya njema.

Mwanao,
Mbunge
(muhuri)

* * *

20 Februari

Mwanangu,

Barua yako imefika, na muhuri wake. Nimeugeuzageuza huo muhuri nikijiuliza ulizaliwa na nani katika ukoo huu, maana kaka yangu ninavyomkumbuka alizaa mtoto. Tu wazima. Mkanda wa cherehani nimepata, binamu yako amejiandikisha mtihani tena, na mtaa mzima tunamwombea mtahini. Mtoto wa dada yako ameanza kucheka, tena anacheka na kila mtu, nadhani atafuata siasa.

Umeniuliza huyo mama mwenye picha ningemwambia nini. Nisingemwambia kitu. Ningemwekea chai, nikakaa naye. Wewe unampa kitanzi, tena cha shingo ya mtu mwingine kabisa, kwa sababu aliyemuua bintiye hajakamatwa hadi leo. Hilo nalo nililisikia kwenye redio hiyo hiyo. Usimtumie mama wa watu kama ngazi.

Na hiyo habari ya moyo wako unaojulikana na Mungu, basi mwache Mungu aendelee kuujua, sisi wengine tunaijua midomo yako. Unauma na kupuliza. Maaskofu wakisema jambo linalokupa kura, unawanukuu hadi mistari. Wakisema jambo linalokunyima, ghafla hawakupigiwa kura. Sasa nani alikupigia kura uwe Mkatoliki? Si ulibebwa na mimi hadi kwenye maji, unapiga mateke?

Kurasa mbili umeandika, na Kinanda hujamgusa hata kwa nukta. Umevaa miwani ya mbao. Alhamisi nilikwenda gerezani na akina mama wenzangu wa parokia, tunawafundisha kushona. Kinanda akaniuliza habari zako. Swali lake la kwanza: "Amenenepa?" Nikamwambia shingo imemezwa na kola. Alicheka hadi askari akageuka. Kisha akasema, ukipata nafasi upite umwone, hata kwa dakika chache, hana la kukudai.

Kasula nitaishona. Baba Askofu hajanikosea lolote, na altare siinyimi kazi yangu. Kukata na kushona ni mimi. Kudarizi macho yangu yamekataa, nitampa fundi wangu. Usiniulize ni nani. Utaiona kazi.

Shangazi yako

* * *

2 Mei

Shangazi wangu wa pekee,

Shikamoo! Umeniua, Shangazi! Nimechelewa kuandika kwa sababu tangu siku ile simu haitulii. Uliona mwenyewe Baba Askofu alipoinua mikono, ule msalaba ukafunguka kifuani kama jua? Televisheni wamerudia kipande hicho mara nyingi, nami nimesimama pale pembeni. Mke wangu alitokwa na machozi. Nikakomunika kwenye mkono wa Baba Askofu mwenyewe, sijui kama uliona ulipokuwa, kamera zilinizunguka.

Kule sakristia Baba Askofu aliushika ule udarizi akawa anaupapasa kwa kidole, akauliza nani amefanya kazi hii. Nikamwambia ni fundi wangu. Akasema kasula hii ibaki hapa parokiani, ivaliwe siku kubwa, fundi aone matunda yake. Nilipotoka nje waandishi wa habari nao swali ni hilo hilo. Nikawaahidi hapo hapo: fundi huyu nitamleta mbele ya taifa. Siku muswada wangu utakapopigiwa kura mwezi wa sita, nitaingia naye bungeni mkono kwa mkono, nitamkalisha kwenye viti vya wageni, Spika amtambulishe, nchi nzima ijue jimbo langu lina watu wa kazi. Nimeshatangaza, sasa niletee mtu wangu.

Kasoro ndogo tu. Niligeuza kasula nikaangalia upande wa ndani, kama ulivyonizoesha tangu nikiwa mdogo chini ya cherehani yako. Nje ni maajabu, lakini ndani ncha za nyuzi zimekatwa ovyo, nyingine ni kama zimetafunwa. Fundi mkubwa namna hii hana mkasi? Ninamtumia mmoja mzuri, wa chuma cha pua, umo kwenye kifurushi hiki. Mwambie ni zawadi yangu kwake.

Wasalimie wote. Binamu amepita mtihani?

Mwanao

* * *

8 Mei

Mwanangu,

Tu wazima. Binamu yako amefeli.

Mkasi umefika, ni mzuri, mkali kweli. Siwezi kumpelekea fundi. Askari wa lango hawaruhusu mkasi upite. Aliyehukumiwa kifo hapewi kitu chenye makali. Sindano anapewa moja, na kabla hajatoka kwenye chumba cha kushonea anairudisha mkononi mwa askari. Uzi anaukata kwa meno. Ndiyo maana umeona umetafunwa.

Fundi wako ni Kinanda.

Nilimfundisha mwenyewe, Alhamisi kwa Alhamisi. Mwanzoni alikuwa anajichoma, analaani, anaomba radhi, anajichoma tena. Lakini vile vidole vilivyokuwa vinapita juu ya kinanda vilipata pa kwenda. Sasa hakuna mwanamke parokiani anayemfikia. Nilipompelekea kitambaa chako nilimwambia wazi ni zawadi ya nani kwa nani, maana sikutaka kumdanganya. Alikigeuzageuza mkononi. Nikadhani atakirudisha. Akauliza, "Uzi wenyewe ni wa dhahabu iliyokolea au ile ya kupauka?" Nikamwonyesha. Akasema umenunua mzuri.

Ningeweza kukucheka, Kengele, na Mungu anajua nina kicheko cha kukutosha hadi uchaguzi ujao. Umesimama kifua mbele pembeni ya kazi ya mtu unayetaka kumnyonga, ukapokea sifa zake, ukala Ekaristi kwenye mkono wa askofu aliyevaa mishono yake, halafu ukamwahidi kiti bungeni siku ile ile unapopeleka shingo yake kupigiwa kura. Hata mlevi hawezi kujipanga hivi. Lakini leo sitaki kucheka, nataka kukuomba.

Tangu nikuchukue mikononi mwa mama yako sijawahi kukuomba kitu. Sikukuomba barabara, sikukuomba bati, wala sikumwombea binamu yako kazi. Sasa naomba sentensi moja. Muswada ni wako, unaweza kuuongezea. Waache waliokwisha hukumiwa. Sheria ianze na watakaokuja, na hao nao nitakuja kukupigia kelele siku nyingine. Lakini hawa waliokwisha hukumiwa, mwanangu, waache. Hakuna atakayekuona mnyonge. Utasema umeshauriwa na wanasheria. Sema chochote, danganya ukitaka, nitakaa kimya, nitasema ni hekima yako.

Na nenda ukamwone. Ukimwona ana kwa ana hutaweza. Nakujua, ulikuwa unalia kuku akichinjwa.

Nijibu haraka. Nipo dirishani kila posta inapopita.

Shangazi yako anayekupenda

* * *

28 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ninaandika kwa mkono wangu kama ulivyotaka tangu mwanzo. Poleni na baridi. Watoto wamefunga shule, nyumba ni vurugu tupu.

Barua yako ya mwezi wa tano ilikwama kwenye mafaili ya ofisi, imenifikia jana tu. Kama unavyojua, muswada ulipita wiki iliyopita. Niliposoma yale uliyoyaandika nilisikitika sana. Ingenifikia mapema ningelitazama ombi lako kwa uzito wake. Sasa mkono wangu umefungwa, sheria ikishapita si yangu tena.

Lakini naomba tuwe wakweli. Kitabu ulichonifundishia katekisimu, kile chenye jalada la bluu, wewe mwenyewe umeshika fimbo, kilisema serikali ina haki ya kutoa adhabu hiyo. Nilikariri. Nilipata kipaimara kwa majibu hayo. Ni Roma waliobadilisha baadaye. Sasa kosa langu ni lipi, kwamba sikubadilika nao siku hiyo hiyo? Ungeniita mnafiki kama ningebaki na kitabu cha bluu na nikawa mkulima?

Habari ya fundi naomba ibaki kati yetu. Waandishi nimeshawapa maelezo. Kila upande umeridhika. Ukiulizwa, tafadhali sema ulidarizi wewe.

Nakuheshimu kama mama yangu.

Mwanao

* * *

6 Julai

Kengele,

Leo salamu zitakuwa fupi. Tunaishi.

Unasema barua yangu ilikwama kwenye mafaili ukaisoma baada ya kura. Ulidhani sina redio? Siku ya muswada nilifunga cherehani, nikakaa, nikasikiliza Bunge mwanzo hadi mwisho. Nilikusikia. Ulisema, "Mheshimiwa Spika, hata damu yangu mwenyewe inaniandikia! Inaniambia, mwanangu, waache waliokwisha hukumiwa! Nami nimeijibu: nchi kwanza!" Meza zikapigwa. Yale ni maneno yangu, niliyaandika kwenye meza ya jikoni nikiwa nimevaa miwani ya binamu yako. Hukumjibu Shangazi yako, ukawajibu wapiga meza. Ningekusamehe kama ungeichana barua, lakini wewe uliipandisha jukwaani.

Kuhusu kitabu cha bluu. Ni kweli nilikufundisha hivyo, na fimbo nilishika. Nami nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha. Kisha Kanisa likasema basi, uhai wa mtu hatuugusi tena hata akiwa muuaji, nami nikakaa na aibu yangu kidogo, nikakubali, nikaanza kwenda gerezani. Wewe kila kitu kingine cha zamani umekitupa. Misa ya alfajiri umeitupa, kufunga Ijumaa umekutupa, kuungama mwaka mzima hatujakuona kwenye foleni. Ukabakiza kitanzi peke yake. Mkulima mwenye kitabu cha bluu ningemketisha nikabishana naye, maana angekuwa anaamini. Wewe huamini hata kitabu cha bluu. Kura zingekuwa upande wa pili ungetembea na waraka wa maaskofu kifuani.

Halafu nasikia kasula ilidariziwa na masista. Uliwaambia waandishi kwamba ni masista wa shirika fulani, wanyenyekevu, hawapendi kutajwa. Macho makavu kabisa! Alhamisi Kinanda alikuwa ameshasikia kwenye redio ya askari. Akaniuliza, "Shangazi, mimi ni sista wa shirika gani?" Chumba kizima kikacheka, na askari akacheka, mimi nikashindwa.

Sitasema nilidarizi mimi. Baba Askofu aliniuliza siku ile ile, kabla hujaingia sakristia, nikamwambia ukweli. Wewe ulipomwambia ni fundi wako, alikuwa anajua tayari. Ndipo akasema kasula ibaki hapa. Wewe ulidhani ni kwa ajili ya uzuri wake.

Ulikuwa na mwezi mzima na sentensi moja. Bado unaweza kwenda kumwona, lango liko wazi Alhamisi. Nimemwambia huenda ukaja.

Shangazi

* * *

11 Novemba

Shangazi,

Shikamoo.

Simu hupokei. Dada naye hapokei.

Nimesikia habari ya Alhamisi iliyopita. Sikuambiwa tarehe kabla, naapa. Nilikuwa safarini. Siku zile za nyuma nilifika hadi kwenye lango la gereza mara moja, nikabaki ndani ya gari. Dereva aliniuliza kama nashuka nikamwambia tuondoke. Usinijibu juu ya hilo.

Ninakuomba kitu kimoja. Nenda ofisi ya parokia uniandikishie nia ya Misa, asomewe Misa ya kumwombea. Sadaka nitaituma. Jina langu lisitajwe, andikisha kwamba ni familia, au kwamba ni mtu mwenye nia njema. Unaelewa hali yangu, waandishi wakilisikia hilo watalifanya jambo. Hili ni kati yangu na Mungu.

Mwanao

* * *

17 Novemba

Mwana wa kaka yangu,

Habari za nyumbani leo sina. Nitakupa za gerezani.

Mwili wa Kinanda hawakutupatia. Wamemzika wenyewe ndani ya ukuta, na mama yake aliambiwa arudi nyumbani, hakuna pa kuonyeshwa. Walimpa kandambili za mwanawe na kitambaa alichokuwa anadarizi. Ilikuwa stola, ule mkanda mrefu wa shingoni mwa padre, aliianza mwezi wa nane ili iende pamoja na ile kasula, maana alisema kasula bila stola yake inaonekana imeazimwa. Amefika katikati. Sindano wameichomoa, uzi unaning'inia mrefu, haujakatwa. Mama yake ananiuliza kama naweza kuimalizia. Nimemwambia macho yangu hayawezi. Kwa kweli mkono ndio haukutaka.

Alhamisi zote zile alikuwa anachana nywele kabla hatujafika. Nilidhani ni kwa heshima yetu akina mama. Askari ndiye aliyeniambia baadaye, alikuwa anakungoja wewe.

Sitakujibu habari ya gari, umeniomba nisijibu.

Nia ya Misa siipeleki. Yangu nimeshapeleka, mama yake amepeleka, binamu yako amepeleka, hata yule askari amekuja kupeleka, na yeye ni Mlutheri. Yako ipeleke mwenyewe. Unataka niingie pale kwa niaba yako nikaseme "mtu mwenye nia njema"? Nimeshona uongo wa kila aina kwenye mavazi ya watu, nimeficha matumbo na mabega yaliyopinda, lakini huo sina kitambaa chake. Mwaka mzima umetuambia wewe ni Mkatoliki nyumbani kwako. Misa haisomwi nyumbani kwako. Inasomwa mbele ya watu, mle mle uliposomewa vyeo vyako mpaka kwaya ikakaa.

Mkasi wako nimeufunga kwenye kifurushi hiki, nakurudishia. Haujakata kitu.

Misa ya kumwombea ni Jumapili ya wiki ijayo. Baba Paroko atavaa nyeupe, inaruhusiwa kwa marehemu. Atavaa kasula yako. Uliutaka msalaba uwe mbele uonekane vizuri, basi utauona vizuri ukikaa benchi lolote.

Dirisha la ofisi linafunguliwa baada ya Misa ya kwanza. Utakuta foleni, panga foleni. Katekista hajali vyeo akiwa na kalamu. Atakuuliza mambo mawili tu, unamwombea nani, na nani anayeomba. Mjibu kwa nguvu, maana masikio yake yamezeeka na watu nyuma yako watataka kusikia. Sauti unayo.

Shangazi yako